Mchezo wa Kale au Mchezo Mkongwe?

Baadhi ya waandikao habari za gemu zilizotoka kabla ya mwaka 2000 huziita "michezo ya kale". Hatuoni kuwa istilahi hii yafaa. Jambo la kale limekwisha, limebaki katika masimulizi. Lakini hata Kihurio, katika tambarare ya Same chini ya milima ya Upare, mtu aliyepata kumiliki simu ndogo ya Nokia hahitaji kufafanuliwa Nyoka ni mchezo gani. Programu yake iliandikwa na Taneli Armanto wa Ufini, ikatoka mwaka 1997 katika simu ya Nokia 6110. Kwa wengi wetu ndiyo gemu ya kwanza kuishika mkononi, tena bila televisheni.

Twapendekeza "mchezo mkongwe". Mkongwe ana umri, bali angali yumo barazani na wazao wake wanaonekana. Twasema mwimbaji mkongwe. Mwimbaji wa kale ni yule aliyekufa zamani.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno "uliosahauliwa". Nyoka hakuanzia Ufini. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya Marekani ilitoa mashine ya Blockade. Wachezaji wawili huendesha mishale, kila mmoja akiacha ukuta nyuma yake na kujaribu kumzingira mwenzake. Agongaye ukuta ndiye ashindwaye. Kanuni ya mchezaji kuzuiwa na mkia wake mwenyewe yatoka humo. Wahakiki husema mchezo huu umesahauliwa. Na nani? Kihurio haukufika hata usahaulike! "Uliopuuzwa" nalo halifai, maana hupuuzwa kilichokwisha kuonekana. Sisi tungesema "usiotambuliwa": watu wamecheza na mzao pasipo kumjua mzazi.

Kitenzi "kula" nacho chataka uangalifu. Katika bao, kula ni kutwaa kete za mpinzani na kuzisambaza upande wako. Yeye hupungukiwa kwa kadiri wewe uongezekavyo. Katika Nyoka, kula ni kumeza na kurefuka, wala hapana apungukiwaye, ila urefu huohuo ndio utakaokuua. Katika Blockade hakuna kula kabisa, kuna kuzingira tu. Orodha ya istilahi za michezo itakayoandika "kula" mara moja, bila kutenga maana, itamfanya msomaji adhani Nyoka ni jamaa ya bao. Maana hizo zitengwe kwa namba, na "zingira" lipewe kidahizo chake.