Namba na Nyumba: Hesabu ya Rubani Mwenye Barua Mbili za Ajira

Rubani wa Marekani anayeletewa barua mbili za ajira kwa wakati mmoja aghalabu haanzi kuulizia mshahara, kwa sababu mishahara ya mashirika makubwa imekaribiana na imeandikwa katika mikataba ambayo kila mtu wa kazi hiyo anaijua. Huulizia kwanza mambo mawili ambayo abiria aliyeketi nyuma yake hayafikirii kabisa, nayo ni namba atakayopewa katika orodha ya ukongwe kazini, na kituo cha kazi atakachopangiwa. Mintarafu ya mambo hayo mawili nimeona inafaa kuichambua hesabu yenyewe, maana ni hesabu ambayo watu wenye akili timamu huikosea, na kosa lake hulipwa kwa muda wa miaka 30.

Tuanze na namba. Kaida hii ya kumtanguliza aliyetangulia ilirithiwa kutoka reli, ambako sheria ya kazi ya mwaka 1926 ilikuwa imekwisha kuweka taratibu za mapatano baina ya waajiri na vyama, kisha mwaka 1936 sheria hiyo ikaenezwa hadi mashirika ya ndege, miaka mitano baada ya chama kikuu cha marubani, ALPA, kuundwa. Aliyeajiriwa jana yu mbele ya aliyeajiriwa leo, basi. Na walioingia darasa moja siku moja hupangwa kwa umri au kwa kura. Namba hiyo ndiyo inayoamua rubani ataendesha ndege gani, atakaa kiti cha kulia au cha kushoto, atafanya kazi kutoka mji gani, atapata likizo mwezi gani, na sikukuu itamkuta mezani na watoto wake au hotelini peke yake. Haitazami ustadi, wala haiba, wala ujamaa na wakubwa, na kwa hiyo ina insafu ya namna yake. Lakini ina ukali mmoja, kwamba haihamishiki. Kapteni mwenye miaka 20 kazini anayetoka shirika moja kwenda jingine huanza chini kabisa, rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza, nyuma ya kijana aliyeingia wiki moja kabla yake.

Namba hupanda pale tu walio juu wanapoondoka au shirika linapokua, na kwa kuwa sheria huwastaafisha marubani wa mashirika wakitimiza miaka 65, mtu mwenye orodha iliyo na umri wa kila mmoja anaweza kukadiria mahali atakapokuwa baada ya miaka 10 au 20. Nasema kukadiria, maana hadi Desemba 2007 umri wa kustaafu ulikuwa 60, na siku sheria ilipobadilika walio juu walipewa ruhusa ya kukaa miaka mitano zaidi, na waliokuwa chini wakasimama pale pale walipokuwa. Mashirika nayo huungana. Mwaka 2001 American ilipoichukua TWA, marubani wengi wa TWA waliwekwa chini kabisa ya orodha ya American, na mpango wa kupunguza wafanyakazi ulipokuja baada ya Septemba 11 ya mwaka huo huo, wakawa wa kwanza kupoteza kazi. Mashaka yale yalichangia kuletwa kwa sheria ya mwaka 2007 inayotaka orodha za mashirika yanayoungana zichanganywe kwa haki, na ikhtilafu isiposuluhishwa ipelekwe kwa mwamuzi.

Sasa nyumba. Msomaji wa kwetu, aliyezoea mashirika yenye makao makuu katika mji mmoja, Nairobi au Addis Ababa, ambako rubani huishi karibu na uwanja wake, huenda akastaajabu kusikia kwamba Marekani mtu anaweza kuishi Florida na kituo chake kikawa New Jersey. Shirika halimuulizi analala wapi, almuradi afike kazini kwa wakati. Naye hufika kwa kupanda ndege nyingine, katika kiti kilichobaki wazi miongoni mwa abiria, au kikikosekana, katika kile kiti kidogo cha kukunja kilichomo ndani ya chumba cha marubani, ambacho wana kazi hukirimiana bila malipo. Mtazame basi huyo rubani saa kumi na moja alfajiri, amesimama karibu na mlango wa kupandia ndege akiwa na sanduku lake la magurudumu na sare iliyopigwa pasi usiku, akitazama skrini inayoonyesha viti vitatu vilivyobaki na majina saba yanayovingoja. Akikosa ndege hii atangoja ya saa mbili, na akikosa hiyo pia, mikataba mingi humsamehe kwa kuwa alijaribu safari mbili zilizokuwa na nafasi. Lakini siku imepotea, na usingizi umepotea pamoja nayo.

Akifika kabla ya zamu hulala katika nyumba ambayo marubani na wahudumu wameipanga kwa pamoja. Katika New York nyumba hizo zimejaa sana mtaa wa Kew Gardens, huko Queens, hata watu wakaubandika mtaa jina la Crew Gardens. Chumba kimoja kina vitanda vya ghorofa, kila kitanda na pazia lake, na watu hutofautisha kitanda cha kudumu, ambacho unalipia zaidi ili kiwe chako, na kile wanachokiita cha moto, ambacho ni cha yeyote atakayekikuta kitupu, na kila alalaye hapo huja na shuka zake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba taabu hii ni ya faragha tu. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark kwenda Buffalo, ilianguka juu ya nyumba huko Clarence Center. Wakafa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja nyumbani mwake. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwa ndege za mizigo, akipitia Memphis, ndipo akafika Newark asubuhi ya siku ile. Kapteni, aliyekuwa mkazi wa Florida, usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, na saa tisa na dakika kumi alfajiri alikuwa macho mbele ya kompyuta. Wachunguzi walisema sababu ya ajali ni kapteni kuvuta usukani pale ndege ilipomwonya kwamba mwendo umepungua mno, wakaongeza kwamba uchovu yamkini uliwadhoofisha wote wawili, ijapokuwa kiasi chake hakikuweza kupimwa. Waligundua pia kwamba kati ya marubani 137 wa shirika hilo waliopangiwa Newark, 93 walikuwa wakisafiri kutoka mbali kuja kazini. Kanuni mpya za mapumziko zilianza kutumika Januari 2014, nazo zinamtaka rubani apewe saa 10 za kupumzika kabla ya zamu na athibitishe kwamba anajiweza. Lakini mwendo wa kutoka nyumbani hadi kituoni hauhesabiwi kuwa kazi hata leo. Hapo hakuna mlinzi ila dhamiri yake, na kwa maoni yangu anayechagua kituo cha mbali amejitwika dhamana hiyo siku anayotia saini.

Tumchukulie basi rubani wa kubuni, umri wake miaka 33, anaishi Denver na mwenziwe ambaye ni muuguzi, na watoto wawili. Shirika la kwanza lina marubani 10,000, nusu yao wamevuka miaka 50, atapangiwa Newark. Shirika la pili lina marubani 3,000, wengi wao vijana. Atapangiwa Denver tangu siku ya kwanza. Mtu mwenye haraka huhesabu hivi: baada ya miaka 15 wale 5,000 wa shirika la kwanza watakuwa wamestaafu wote, nami nitakuwa katikati ya orodha, katika shirika la pili wataondoka labda 600, nami nitabaki na watu 2,400 mbele yangu, basi la kwanza ni bora. Hesabu hii ni sahihi, walakini si jibu la swali lililoulizwa. Swali ni hili: rubani wa chini kabisa aliyepo Denver katika shirika la kwanza ana namba gani? Tuseme ni 8,200. Maana yake sharti watu 1,800 walio mbele yake waondoke kabla hajaweza kurudi nyumbani, na ikiwa hapo mwanzo wanaondoka 300 kwa mwaka, hiyo ni miaka sita.

Miaka hiyo sita tuipime kwa kipimo cha siku. Kutoka Denver hadi Newark ni takriban kilomita 2,570, na toka mlango wa nyumba hadi kituoni, pamoja na kungoja, tuweke saa saba. Akienda na kurudi mara nne kwa mwezi, ni saa 56. Kwa miezi 11 ya kazi ni saa 616, yaani siku 25 na zaidi za mchana na usiku kila mwaka, bila malipo, na siku 154 kwa miaka yote sita. Fauka ya hayo, zamu ya kuanza saa kumi na mbili asubuhi humlazimu kufika jana yake, na inayomalizika usiku wa manane humlaza huko hadi kesho, hata siku 12 za mapumziko za mwezi zikabaki saba au nane. Mbaya kuliko zote ni zamu ya akiba, ambayo mtu hana ratiba ila hungoja simu, na mara nyingi hutakiwa kufika uwanjani kwa muda wa saa mbili. Mwenye nyumba karibu na kituo huingojea simu hiyo kitandani mwake. Wa mbali huingojea nyuma ya pazia la Kew Gardens, na isipolia amekaa siku nne ugenini bila kuruka.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni, ajira zilipofurika, wapo waliopata ukapteni wa New York kabla ya kutimiza miaka miwili kazini. Wakongwe walikipita kiti kile kwa makusudi, kwa kuwa rubani msaidizi mwenye ratiba nzuri na Jumamosi zake nyumbani haoni faida ya kuwa kapteni wa akiba katika mji wa mbali.

Lakini kituo cha karibu nacho kina hatari yake, kwamba kinaweza kufungwa. Pittsburgh, St. Louis, Cincinnati na Memphis zote zilikuwa vitovu vikubwa, marubani wakanunua nyumba huko, kisha katika miaka 10 hivi ya mwanzo wa karne hii safari zikapunguzwa moja baada ya nyingine. Miji hiyo iliishi kwa abiria wa kubadilisha ndege kuliko kwa watu wake yenyewe, na abiria wa namna hiyo huhamishwa kwa kalamu. Kabla ya kuamini kituo, atazamwe nani anayepanda ndege pale: wenyeji, au wapitaji? Denver ina wenyeji wengi, na ina zaidi ya shirika moja lenye kituo.

Kwa rubani wetu hukumu yangu ni hii. Ikiwa mwenziwe anaweza kupata kazi New Jersey, na wauguzi hawakosi hospitali, achukue shirika la kwanza na wahame wote, wakae karibu na Newark miaka hiyo sita, kisha warudi Denver akiwa na namba itakayoendelea kupanda. Ikiwa kuhama hakuwezekani, achukue la pili, hata kama ukapteni utachelewa sana. Njia ya tatu, kubaki na nyumba Denver na namba Newark, ndiyo inayochaguliwa na wengi kwa kutumaini kwamba itapita upesi, na mimi simshauri aifuate. Na akilikubali la kwanza, akaambiwa achague darasa la Machi au la Juni, asiombe Juni kwa sababu ya harusi ya nduguye au kumalizia shule za watoto. Kila atakayeajiriwa baina ya miezi hiyo atasimama mbele yake katika foleni ya Denver hadi siku mmoja wao atakapostaafu.