Miraba Kabla ya Mkono: Wino kwenye Karatasi ya Grafu kwa Mtazamo wa Handeni na Korogwe

Uhakiki wa sanaa ya uminimali umezoea kuichukulia miraba kuwa alama ya ukimya. Msimamo huu uliimarishwa na makala ya Rosalind Krauss ya mwaka 1979, "Grids", inayoiona miraba kuwa nembo ya usasa wa karne ya 20 na adui wa masimulizi. Sehemu hii inaupima msimamo huo kwa michoro ya Eva Hesse na kwa miraba inayofahamika Handeni na Korogwe.

Mwaka 1967 Hesse, aliyefanya kazi pembezoni mwa uminimali, alijaza karatasi za grafu kwa viduara vya wino mweusi. Kwa mbali ukurasa huonekana kama kivuli kilichotulia. Kwa karibu, hakuna kiduara kinacholingana kabisa na jirani yake: kimoja kimekolea, kingine kimefifia. Mistari ilichapwa kiwandani. Viduara vilitoka mkononi. Maana ya mchoro imo katika mvutano huo.

Mvutano wa namna hiyo una historia Korogwe. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika mashamba kama Magunga na Ngombezi ukapandwa kwa safu zilizonyooka. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, manamba walifanya kazi kwa kipande: kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30. Hapa pia nafasi ilitangulia na mkono ukafuata. Kadi hiyo haikuwa kimya. Ilisimulia jasho, ujira na siku ambazo hazikuhesabiwa.

Mkeka wa ukindu unageuza utaratibu huo. Msukaji huanza na chane, si na mistari. Chane hupishana zikawa shupatu, kisha shupatu hushonwa pamoja zikawa mkeka. Mraba hauwepo kabla ya kazi, bali huzaliwa nayo, na hesabu yake imo vidoleni.

Inaweza kupingwa kwamba Krauss alizungumzia sanaa ya maonyesho, si kadi wala mkeka. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi, kwa kuwa hoja yake inahusisha ukimya na umbo lenyewe. Ikiwa umbo hilohilo husema likiwa shambani na mkekani, basi ukimya wake ukumbini unatokana na namna linavyotazamwa.

Ulinganisho huu haudai kuwa Hesse aliathiriwa na Afrika Mashariki. Unachodai ni kwamba swali la kwanza mbele ya karatasi ya grafu liwe: ni nani aliyepiga mistari, na ni nani aliyeijaza? Uhakiki usiouliza hivyo huusifu utulivu wa ukurasa na kuusahau mkono uliouchosha.