Linux inasema sauti iko, masikio yanasema hapana

Linux inasifiwa sana kati yetu, na mimi pia naisifu: hailipiwi leseni, tena inafufua mashine ya zamani ambayo Windows imeshaichosha. Lakini upande wa sauti inastahili lawama. Sauti ikipotea, mfumo hausemi imepotelea wapi.

Angalia vile imejengwa. Chini kabisa, ndani ya kerneli, iko ALSA, ndiyo inaongea na kadi ya sauti. Juu yake ilikuja PulseAudio, ambayo Ubuntu iliipokea mwaka 2008. Sasa PipeWire inachukua nafasi hiyo: Fedora ilianza 2021, Ubuntu 22.10 ikafuata mwaka 2022. Kila ghorofa ina robine yake. Juu ya skrini unaona sauti iko asilimia 100, kumbe kule chini Speaker imefungwa. Wataalamu watajibu kwamba ile alama haidanganyi, inatoa habari ya ghorofa yake tu. Sawa, lakini mwenye mashine atajuaje?

Walio na Ubuntu ya Kifaransa wanakutana na maneno "Sortie factice". Maana yake, mfumo haukupata pa kutolea sauti, ukajitengenezea njia ya uongo ili programu zisigome. Kwa fundi hiyo ni habari. Kwa mwanafunzi anayetaka kusikiliza mahojiano yake na wakulima wa muhogo wa Ubwari, na tarehe ya kuweka TFC inakaribia, ni fumbo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi nzuri kabisa. Ila hata "Sortie factice" ikitafsiriwa, bado haimwonyeshi mtu aguse wapi.

Mbaya zaidi ni ule ushauri unaotembea: "pakua Ubuntu upya". Ni giga kadhaa hizo! Kwa mtu anayenunua mega za siku moja, huo si ushauri. Sisi wa agronomia, tukiona majani ya muhogo yamekunjamana, hatung'oi shamba zima kabla ya kujua kama ni mozaiki.

Yenye kufaa haidai intaneti. Kwanza tazama kwenye mipangilio sauti inatokea wapi. Mashine iliyounganishwa na televisheni kwa HDMI inaweza kuwa inaipeleka huko. Halafu fungua terminali, andika alsamixer. Ukiona mstari mmoja tu, bado uko ghorofa ya juu: bonyeza F6, chagua kadi yenyewe. Alama MM chini ya Master au Speaker maana yake imefungwa, bonyeza M. Tazama pia Auto-Mute. Ikiwa Enabled na tundu la kusikilizia masikioni limelegea, mashine inadhani umechomeka kitu, inanyamazisha spika. Ukaguzi huu wote kompyuta ingeweza kuufanya yenyewe na kukuambia kwa sentensi moja.

Mwisho andika aplay -l. Kadi ikionekana, huenda kosa liko kwenye mipangilio, rudi juu. Isipoonekana, hasa kwenye mashine mpya za Intel, pengine kinakosekana kifurushi cha SOF, na hapo ndipo utafute mega.