Wanaosoma Mawe ya Makaburi

Anayetafuta mababu zake Uingereza huanzia kwenye vitabu vya parokia, vilivyoamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, mwaka 1538. Vitabu vingi vimepotea au kuharibiwa na unyevu. Hapo hubaki makaburi ya uani mwa kanisa la kijiji, na watu wanaoyasoma kwa kujitolea, bila kulipwa.

Ni kazi ngumu. Hupiga magoti kwenye nyasi zenye umande, hukata miiba, husubiri jua lishuke ili kivuli kiingie ndani ya herufi zilizofifia. Jiwe lililoupa jua kisogo huangaziwa kwa kioo. Jiwe la mchanga hubanduka tabaka kwa tabaka na kuondoka na majina. La sleti, hata likiwa na miaka mia mbili, husomeka vizuri. Kuvu hawaikwangui, maana brashi ya waya hung'oa jina pamoja na uchafu. Kila mstari hunakiliwa ulivyo, hata kosa la mchongaji, na kila kaburi huonyeshwa kwenye ramani.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hawamruki mtu, hata kichanga aliyeongezwa chini kabisa ya jiwe la wazazi. Serikali ilianza kusajili vifo mwaka 1837 tu; kabla ya hapo, kitabu cha parokia kikipotea, huenda mtoto huyo hana maandishi mengine popote. Leo ndugu wa ukoo wake aliyeko Australia humkuta kwenye nakala za wasomaji hao, ingawa jiwe lenyewe limeshapasuka.