Kijiji Kisicho na Jina

Mtu akitaka kujua simulizi ya mauaji inavyoundwa kwa sauti, na aanzie Lubumbashi, enzi ikiitwa Elisabethville. Februari 13, 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, jimbo lililojitenga, aliwatangazia waandishi kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito walitoroka kizuizini wakauawa na wanakijiji. Kijiji hakukitaja. Anayetushuku, alisema, athibitishe. Hadithi ilikuwa na utamu wote: kutoroka, msako, hasira ya raia. Ilikosa ukweli tu. Watatu hao walikuwa wamepigwa risasi usiku wa Januari 17, nje ya mji, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji.

Naisifu podikasti ya uhalifu kwa sababu ya tamko kama lile. Fundi wake hukusikilizisha mara ya pili, polepole, mpaka wewe mwenyewe uulize: kijiji gani?

Mji huu ulimjua fundi wa aina hiyo zamani. Mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo 100 za historia ya nchi, akazieleza kwa Kiswahili cha hapa huku rekoda ikinasa. Kwenye picha ya kifo cha Lumumba akasimamisha misalaba mitatu nyuma ya maiti. Picha ile hunishika kila niionapo, nami huiogopa kidogo: msalaba ukishasimama, nani atauliza nani alitoa amri? Sauti nzuri nayo ni hivyo hivyo. Inaubeba ukweli, na uongo wa Munongo ingeubeba vilevile.

Halafu kuna uroho. Gerard Soete, polisi wa Kibelgiji, aliyeyusha miili ya watatu hao kwa asidi akabaki na meno. Jino moja la Lumumba lilirudishwa kwa familia yake Juni 2022. Mtangazaji mroho angekata kipindi papo hapo, aweke tangazo la kampuni ya simu, atuambie tusubiri wiki ijayo. Familia ilisubiri miaka 61. Mwenye adabu angeendelea, aeleze tumejuaje: kwamba Soete alikiri mwenyewe, uzeeni, mbele ya kamera.

Kipindi hicho ningependa kitengenezwe hapa, pamoja na wazee wa mitaa ya Kenya na Katuba. Muuaji tunamjua. Waulizwe waliamini nini siku tangazo la Munongo lilipotoka, na nani alithubutu kucheka.