Chemirocha: Santuri na Maelezo Yake

Mhakiki anayetakiwa kuzungumzia santuri mpya za kantri, roki na jazi hana budi kuuliza kwanza upya ni nini. Kwa wenyeji wa Kapkatet, kusini mwa Kericho, santuri mpya iliyowafikia mwaka 2014 ilikuwa na umri wa miaka 64. Hugh Tracey alizirekodi nyimbo hizo huko mwaka 1950, na tatu kati yake zaitwa kwa jina moja: Chemirocha. Huyu si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye Wakipsigis walimjua kwa gramofoni tu. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoko Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha sauti hizo, na mmoja wa wanamuziki waliorekodiwa alipatikana akiwa hai.

Wimbo wa tatu, ulioimbwa na wasichana, ndio uliopata sifa duniani. Ni mfupi mno. Kinubi charudia mzunguko ule ule, sauti zaitikiana, na jina ladondoka mwishoni kama kibwagizo. Hamna gitaa, wala ile sauti ya kupanda na kukatika iliyompa Rodgers umaarufu. Wasichana hawa hawamwigi mtu.

Nikiri kwamba mimi, mzaliwa wa Nakuru, niliusikia kwanza ng'ambo, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili. Pamoja nao tulisomewa maelezo ya Tracey: kwamba Chemirocha ni nusu mtu nusu paa, na kwamba wasichana wamwalika acheze hata nguo zimdondoke. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka.

Kicheko kile ndicho ninachokikana hapa. Maelezo hayo yamezoeleka kuchukuliwa kuwa ushahidi wa ushamba: watu wa kijijini wamesikia sauti ndani ya sanduku, wakaunda mungu. Lakini tulitazame jina. Kikipsigis hakitofautishi ch na j, hivyo Jimmie hakuwa na budi kuwa Chemi. Tena Che- ni mwanzo wa majina mengi ya wasichana, kama Cherono na Chebet (ingawa wapo pia akina Cheruiyot). Na yupo Chemosit, zimwi la hadithi za Wakalenjin, ambaye Hollis aliandika habari zake mwaka 1909: nusu mtu, nusu ndege, mla watu. Kwa maoni yangu, mgeni huyu wa nusu paa amepewa nafasi katika ukoo huo wa kifasihi, ila amegeuzwa. Chemosit hukimbiwa, Chemirocha aitwa ngomani na kutaniwa. Huo ni ubunifu, na wenye ubunifu huo walijua wanachokifanya.

Hakuna anayesema kwamba Morogoro Jazz au Shirati Jazz walikosea kumwelewa Louis Armstrong. Walilichukua neno, wakalipa maana ya bendi ya magitaa. Kwa nini wasichana wa Kapkatet wanyimwe haki hiyo hiyo?

Lawama yangu kwa wachapishaji wa santuri za namna hii ni moja. Maelezo ya Kiingereza yasiusindikize wimbo peke yake; maneno ya Kikipsigis yachapishwe kamili, pamoja na tafsiri iliyopitiwa na wenye lugha. Bila matini, mhakiki wa fasihi simulizi hana la kuhakiki ila uvumi, na hata hoja yangu ya Chemosit yabaki dhana mpaka ubeti uthibitishe.

Muhula uliopita niliwachezea wanafunzi wangu santuri hiyo. Mmoja kutoka Bomet aliomba irudiwe mara nne, akaanza kuandika. Mwenzake wa Kericho alimpinga katika neno la mstari wa pili. Kipindi kiliisha kabla hawajakubaliana, wakatoka nje wakiwa bado wanaliimba.