Vyeo au Mipaka? Ngazi ya Daawa katika Falsafa ya al-Kirmani na Tatizo la Istilahi za Kiswahili

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na istilahi ya Kiarabu hudud al-din huvutwa kwanza na neno "vyeo". Hakosei sana, kwani kinachotajwa ni ngazi ya wahudumu wa daawa ya Kiismaili. Hata hivyo, hadd ni mpaka, na kuipoteza maana hiyo ni kuipoteza hoja ya kitabu Rahat al-aql cha Hamid al-Din al-Kirmani.

Al-Kirmani alifika Cairo katika utawala wa al-Hakim (996–1021), baadhi ya wafuasi walipoanza kumnasibishia khalifa huyo uungu, naye akaandika kuwakanusha. Rahat al-aql, kilichokamilika karibu mwaka 1020, kimepangwa kama mji wenye kuta 7 na njia 56. Humo akili 10 za ulimwengu wa juu, mpango unaomkumbusha msomaji al-Farabi, zinalinganishwa na daraja 10 za daawa: natiki, asasi, imamu, bab, hujja, madai wa daraja tatu na maadhuni wa daraja mbili. Imamu ni wa tatu. Mungu hamo katika ngazi hiyo kabisa. Hata Akili ya Kwanza imeanzishwa kwa ibdaa, haikububujika kutoka Kwake. Kwa hiyo kila daraja ina dari juu yake. Neno "vyeo" lina fahari ya kupanda. "Mipaka" lina hatamu.

Ugumu unazidi kwa sababu Kiswahili tayari kina jamaa za maneno haya. Akili kwa mzungumzaji wa kawaida ni werevu wa mtu. Hoja hutolewa mkutanoni, ilhali hujja ni mtu. Asasi leo husajiliwa serikalini. Imamu husalisha msikitini. Maadhuni pekee ndiye anayeeleweka upesi, kupitia idhini. (Anayetaka kuswahilisha bab kwa kuongeza irabu mwishoni atapata babu, na atachekwa.) Afadhali istilahi zibaki na umbo la Kiarabu, zikifafanuliwa kila zinapoanza kutumika, kuliko kuazima neno lililokwisha kupata kazi nyingine.

Udhaifu wa al-Kirmani mwenyewe usifichwe. Idadi ya daraja zake inaamriwa na mbingu za wanafalaki kuliko na kazi halisi ya walinganiaji, na ulinganifu huo unaonekana kulazimishwa hasa kwenye daraja za chini. Nasir-i Khusraw, baada yake, alibaki na mpango wa zamani wa Akili na Nafsi, kama ulivyo kwa al-Sijistani. Mpango wa akili 10 ulipata makao Yemen kwa Watayyibi, ambako Ibrahim al-Hamidi (aliyefariki 1162) aliuongezea kisa cha akili ya tatu iliyoteleza hadi nafasi ya kumi. Mabohora wa Mombasa na Zanzibar ni warithi wa mapokeo hayo. Makhoja Waismaili wa miji hiyohiyo ni Wanizari, wenye historia nyingine. Kamusi au kitabu cha kiada kinachowafafanua wote kwa ngazi moja ya vyeo kitakuwa kimekosea mara mbili.